Kukadiria nishati ya elektroni za molekuli kwa MP2

Hartree–Fock, njia ya msingi ya kukokotoa nishati ya molekuli, huchukulia kwamba kila elektroni imo katika uga wa wastani wa nyingine zote, kwa hiyo haioni jinsi elektroni zinavyokwepana. Nadharia ya usumbufu ya Møller na Plesset (1934) huifidia kasoro hiyo daraja kwa daraja. Daraja la pili, MP2, ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Elektroni zote zikiwa katika jozi:

E(2) = Σ (ia|jb)[2(ia|jb) − (ib|ja)] / (εi + εj − εa − εb)

Hapo i na j ni obitali (fanksheni za mawimbi za elektroni mojamoja) zenye elektroni, a na b ni zilizo tupu, ε ni nishati zake, na (ia|jb) ni integrali ya msukumano wa elektroni mbili.

Anza na Hartree–Fock iliyotulia hadi 10⁻⁸ Hartree (kizio cha nishati). Kisha geuza integrali kutoka fanksheni za atomu hadi obitali za molekuli. Hapa ndipo kompyuta hutoka jasho. Ukipachika lupu nane pamoja, kazi ni N⁸, N ikiwa idadi ya fanksheni. Ukigeuza fahirisi moja baada ya nyingine, ni hatua nne za N⁵. Kwa maji katika STO-3G, seti ndogo ya fanksheni za atomu, yenye fanksheni 7, hiyo ni 5,764,801 dhidi ya 67,228.

Jipime kwa maji hayohayo: O–H angstromu 1.1, pembe 104°, elektroni za ndani zikihesabiwa. Hartree–Fock hutoa −74.942080, E(2) −0.049150, jumla −74.991230, zote kwa Hartree. E(2) ikitoka chanya, umegeuza ishara ya asili ya sehemu (namba ya chini), ambayo hapa lazima iwe hasi. Ukubwa ukikosewa, kagua mpangilio wa fahirisi: (ia|jb) si ⟨ia|jb⟩, bali ni ⟨ij|ab⟩ katika mpangilio huo wa pili. Na E(2) huongezwa kwenye nishati ya Hartree–Fock, si kwenye jumla ya ε, ambayo huhesabu msukumano wa elektroni mara mbili.

STO-3G ni ya kupimia programu tu. Kwa kazi halisi piga hesabu kwa seti kubwa zaidi, cc-pVTZ (TZ) na cc-pVQZ (QZ), kisha kadiria kikomo cha seti kamili kwa E(2) peke yake: (64·E₄ − 27·E₃)/37, ambapo E₃ ni ya TZ na E₄ ya QZ.

Kabla ya kuamini jibu, tazama pengo kati ya obitali ya juu kabisa yenye elektroni na ya chini kabisa iliyo tupu. Vuta kifungo cha N₂ na pengo husinyaa, asili hukaribia sifuri, nishati huporomoka bila maana. Kupanda hadi MP4, daraja la nne, hakuponyi, hamia CASPT2, nadharia ya usumbufu inayoanzia mipangilio kadhaa ya elektroni badala ya mmoja.