Ubeti mpole, kiitikio kikali, bila pedali ya kukanyaga

Wewe wa Area C, Dodoma, unayejifunza roki ya zamani kwa gitaa la umeme, ukuta kwa ukuta na jirani, jaribu hii: weka distosheni (mkwaruzo wa sauti) ya amplifaya kwa ajili ya kiitikio, kisha usiiguse tena. Ubeti ukianza, punguza nobu (kidude cha kuzungusha) ya volyumu kwenye gitaa lenyewe kutoka 10 hadi 4 au 5. Kiitikio kikikaribia, ifungue kwa kidole kidogo cha mkono unaopigia. Umeme wa pikapu, yaani kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi, ukiingia dhaifu, amplifaya haikwaruzi, sauti inasafika. Inafubaa kidogo, ndiyo, ila ubeti hauhitaji makali. Distosheni ikizidi mno, hata kwenye 3 itakwaruza tu. Na kwa gitaa lisilo la umeme sahau nobu: huko ni uzito wa mkono unaopiga nyuzi.