Kiraka kipi kirudi kwenye toleo la zamani?

Programu ninayoitunza inapima samaki pale Mwaloni, Kirumba. Mizani inasoma uzito, kompyuta ndogo inachapa risiti, mteja anaondoka na mzigo wake. Msimbo wake una matawi mawili, yaani nakala mbili zinazoendelezwa sambamba: tawi kuu, ambalo nalichokonoa kila siku, na 2.4, toleo tulivu linalofanya kazi sokoni. Saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi ikishusha, hakuna anayetaka kitufe kipya. Wanataka programu ile ile ya jana, bila kosa la jana.

Kwa hiyo nachagua viraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo yanayotibu kosa, nivitoe tawi kuu nivirudishe 2.4. Masharti yangu ya kuvichagua nimeyatoa kwa watu wa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, ambao wamekuwa wakitoa matoleo tulivu ya namna hii tangu 2005. Kwao kiraka lazima kiwe kimeshaingia kwenye tawi kuu la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kiwe kimejaribiwa, kisizidi mistari 100 ukihesabu na ile inayokizunguka, na kitibu kosa linalosumbua watu kweli. Kusahihisha tahajia kwenye maelezo hakuhesabiki. Kuongeza namba ya utambulisho wa kifaa kipya kunaruhusiwa.

Sharti la tawi kuu kwanza usilivunje hata siku moja. Ukitibu 2.4 peke yake, siku utakayoleta 2.5 sokoni kosa litafufuka, na wewe utakuwa umeshalisahau.

Historia ya msimbo naitunza kwa programu ya Git. Naanza na `git log v2.4..main`, inayoorodhesha yaliyomo tawi kuu lakini hayamo 2.4; daftari pembeni, nasoma komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja moja. Swali langu ni hili: nani ameumia? Nisipoweza kutaja mtu au mizani iliyosumbuliwa, naruka.

Kisha natazama mstari wa `Fixes:` kwenye ujumbe wa komiti, wenye herufi 12 za mwanzo za namba ya utambulisho ya komiti iliyoleta kosa. Kama komiti hiyo haimo 2.4, kosa nalo halimo, huna cha kutibu. `git branch --contains` itakuonesha. Ila usiiamini peke yake: huenda komiti yenye kosa nayo uliihamishia 2.4 zamani, ikapata namba mpya. Ndiyo maana kila ninapohamisha natumia `git cherry-pick -x`, ili namba ya asili ibaki kwenye ujumbe na niweze kuitafuta kwa `git log --grep`.

Hatari kubwa ni kiraka kinachoingia bila mgongano. Kwenye tawi kuu nilikuwa nimeshahamisha uzito kutoka kilo kwenda gramu. Nikarudisha 2.4 kiraka cha kutoa uzito wa kreti, mstari mmoja tu: `uzito - 1800`. Git haikulalamika, programu ikajengeka. Lakini 2.4 bado inahesabu kwa kilo. Alfajiri mama mmoja akaweka kreti ya sangara, mizani ikasoma 42.6, risiti ikatoka na kilo -1757.4. Akaninyooshea ile karatasi bila kusema neno. Foleni nzima ilimsubiri, na samaki hasubiri.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuhamisha nasoma kazi nzima (function, yaani kipande cha msimbo kinachoguswa) ndani ya faili la 2.4, siyo ile mistari ya kiraka tu. Nauliza kila namba inategemea nini. Kiraka kikihitaji komiti nyingine ndogo, nazihamisha zote kwa mpangilio wake. Ni salama kuliko kuandika upya kwa mkono. Lakini kuhamia gramu kungegusa kila risiti, kwa hiyo hapo niliandika 1.8 mwenyewe, na kwenye ujumbe wa komiti nikaeleza kwa nini kinatofautiana na cha tawi kuu.

Mwisho ni mezani: jiwe la mizani la kilo tano, kreti tupu, kreti yenye jiwe, kisha nachomoa umeme katikati ya kuchapa. Watu wa kerneli huwapa wakaguzi saa 48 hivi za kupinga. Mimi 2.4 iliyotibiwa naiacha siku mbili kwenye mizani moja, ile ya karibu na lango, ndipo naziendea nyingine.