Kumfundisha Mama Kutoa Pesa Mwenyewe kwa Kitochi

Mama yangu anaishi Hombolo, Dodoma, analima zabibu na uwele. Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akituletea pesa kutoka Dar es Salaam kwa bahasha, anampa konda wa basi, na barua tunasomewa na mwalimu. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, bahasha zikaisha taratibu. Kusomewa hakukuisha. Mama akawa anampa simu kijana wa jirani amsomee meseji, na kwa wakala anaitaja namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Siku moja salio lilipungua shilingi 40,000. Alikaa kimya wiki mbili kabla ya kuniambia, na ukimya ule uliniuma kuliko pesa. Nikaomba likizo, nikaenda kumfundisha.

Kama mzazi wako hajui kusoma, achana na herufi kwanza. Anza na tarakimu. Mama anazijua vizuri, maana anauza zabibu kwa kilo na hajawahi kupunjwa chenji.

Tumia kitochi, kwa sababu kina vitufe vya kupapasa. Papasa kitufe cha 5, utakuta kinundu kidogo. Nilimshika mama kidole, kigumu kwa kupogoa mizabibu miaka yote hiyo, nikakiweka pale. "Mama, hapa ndipo nyumbani." Juu yake 2, chini 8, kushoto 4, kulia 6. Mwanzoni alikuwa anabonyeza viwili kwa pamoja, tukahamia kwenye ukucha wa dole gumba. Siku ya tatu alikuwa anaipata 8 huku anaangalia kuku. Akikosea, usimnyang'anye simu. Najua mkono unawasha, lakini ukiichukua mara moja tu, kesho atakupa mwenyewe.

Namba ya siri aibadilishe wewe ukiwa umempa mgongo. Isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Hata wewe mtoto wake usiijue.

Halafu nendeni kwa wakala mkatoe pesa ndogo, mara tatu au nne, siku tofauti. Makato yatakuwepo, yavumilie. Wakala anataja namba yake ya uwakala, mama anaiingiza, anaweka kiasi, anamalizia na namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe. Mtu akimwambia "Bibi, lete nikusaidie," ajibu "Ahsante mwanangu, naweza," na simu isitoke mkononi.

Ikija meseji ya kusema pesa imeingia, asiiamini mpaka aangalie salio. Matapeli wanatuma zao zinazofanana kabisa, kisha wanapiga wakiomba "warudishiwe". Ile nyingine ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" nadhani kila mtu ameshaipata. Hizo mtu wa nyumbani anayejua kusoma azitume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Mwisho, wekeni swali la ukoo. Mtu akipiga analia kwamba ni mimi, nimepata ajali, nitumiwe pesa haraka, mama anauliza jina la ng'ombe wetu aliyekufa mwaka ule wa ukame. Mwezi uliopita alimuuliza mmoja. Akakata simu.