Namna ya Kuitazama Mechi ya Simba na Yanga Uwanjani Bila Kuwa Shabiki wa Upande Wowote

Mtu anayetaka kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya mechi ya Simba na Yanga, ilhali si mwanachama wala shabiki wa klabu mojawapo, hukutana na ugumu wa kwanza kabla hajafika getini, kwa sababu Watanzania wengi hawaamini kwamba mtu wa namna hiyo yupo. Ukisema huna timu, utaambiwa kwamba wewe ni Yanga uliyejificha, au ni Simba unayeona haya kwa matokeo ya msimu. Kubishana hakusaidii. Lililo jepesi ni kutaja timu nyingine iliyo ya kweli kwako: mzaliwa wa Tanga aseme yeye ni wa Coastal Union, wa Bukoba ataje Kagera Sugar, wa Mbeya ana Mbeya City na Tanzania Prisons za kuchagua, na mgeni aliyetoka Mombasa au Bujumbura aseme tu kwamba amekuja kuona mpira. Jibu lenye jina la timu ndani yake humaliza maswali upesi kuliko maelezo marefu kuhusu kutoegemea upande.

Watani hawa wa jadi hukutana mara mbili katika kila msimu wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, kila timu ikiwa mwenyeji mara moja. Zote mbili ni za Kariakoo, Yanga ikiwa na makao yake Jangwani na Simba Mtaa wa Msimbazi, kwa hiyo neno mwenyeji hapa halihusu mji bali linahusu mauzo ya tiketi na mapato ya mlangoni. Tarehe hutangazwa na Bodi ya Ligi, lakini anayesafiri kutoka mkoani au kuvuka mpaka asiichukulie tarehe hiyo kuwa jambo lililokwisha. Mchezo wa tarehe 8 Mei 2021 uliahirishwa siku ileile baada ya muda wake kusogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa muda wa awali, wakaondoka, na mchezo ukachezwa Julai. Ule wa tarehe 8 Machi 2025 nao uliahirishwa siku yenyewe, watu wakiwa wameshasafiri, ukachezwa tarehe 25 Juni. Fuatilia taarifa mpaka mchana wa siku ya mchezo, panga kulala Dar es Salaam walau usiku mmoja zaidi, na uwe na shughuli nyingine mjini itakayoifanya safari isiwe bure.

Asiyewahi kukaa jukwaani hata siku moja ningemshauri asianze na mchezo huu. Akitazama kwanza mchezo wa kawaida wa ligi, kwa mfano Azam FC dhidi ya timu ya mkoani pale Azam Complex, Chamazi, uwanja unaochukua watu wapatao 10,000, atajifunza namna ya kuingia, kukaa na kutoka bila msukumano, na ataukaribia mpira kiasi cha kuwasikia mabeki wakipangana. Watu wengi huudharau mchezo wa namna hiyo kwa sababu majukwaa yana nafasi, wakati nafasi hiyo ndiyo faida yake.

Kuhusu tiketi, kwa miaka ya karibuni uwanja huu umekuwa ukitumia kadi ya kielektroniki iitwayo N-Card, ambayo mtu huipata mapema, kisha hulipia mchezo kwa simu na kuigusisha kadi kwenye mashine mlangoni. Utaratibu na bei hutangazwa na klabu mwenyeji kabla ya kila mchezo, na tangazo hilo ndilo la kufuatwa. Kila mtu mliyeongozana naye awe na kadi yake, nayo ijaribiwe na kulipiwa siku kadhaa kabla. Anayekuuzia tiketi nje ya geti jioni ya mchezo ni mlanguzi, na hata kama anachokuuzia ni halali, huna namna ya kulijua hilo mpaka mashine ikukubali au ikukatae mbele ya watu mia wanaokusukuma kwa nyuma.

Uamuzi mkubwa wa mtazamaji asiye na upande ni mahali pa kukaa, na hapa inafaa kutafakari kwa utulivu. Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na ambao wengi huuita kwa Mkapa au Lupaso, kwa jina la kijiji alikozaliwa Rais huyo, huchukua watu wapatao 60,000, na viti vyake hugawanywa kwa madaraja: VIP A, VIP B na VIP C, kisha viti vya rangi ya machungwa, na mwisho mzunguko, ambao ndio wa bei ya chini na wenye watu wengi. Kwenye mzunguko ndiko kulikojaa ngoma, matarumbeta na nyimbo, lakini huko mashabiki hujitenga kwa pande, na mtu asiyeimba huonekana mara moja. Ukikaa katikati ya kundi la upande mmoja utalazimika ama kujifanya ama kujieleza kwa dakika 90, na yote mawili yanachosha. VIP A ni ya viongozi na wageni rasmi. Utaona vizuri, ila kelele zitakufikia zikiwa zimepoa. Kwa maoni yangu VIP B, VIP C au viti vya machungwa vilivyo kando ya mstari mrefu wa uwanja ndivyo vinavyomfaa mtu huyu, kwa kuwa hapo mashabiki wa pande mbili huchanganyika, baba Simba na mwana Yanga wakikaa viti vya jirani, na utani unaosemwa hapo ni wa kukusudiwa kusikiwa na jirani. Kama mchezo ni wa jioni, kumbuka pia kwamba anayekaa akielekea magharibi atapigwa na jua machoni katika kipindi cha kwanza chote.

Mavazi yanahitaji fikra kuliko mgeni anavyodhani. Nyekundu na nyeupe ni za Simba; njano, kijani na nyeusi ni za Yanga; na hivyo karibu nusu ya kabati la mtu wa kawaida imeshachukuliwa. Shabiki wa Coastal Union akivaa jezi ya timu yake, ambayo nayo ni nyekundu na nyeupe, atatumia jioni nzima kuieleza. Rangi salama ni buluu, kijivu, zambarau au kahawia, na jezi ya buluu ya Taifa Stars ni bora kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba mvaaji ni mtu wa mpira na haimpi jirani sababu ya kumshuku. Usikubali kuvishwa skafu ya bure nje ya uwanja, hata ukipewa kwa ukarimu.

Mikono nayo izingatiwe. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilishinda 5-1, na tangu hapo kiganja kilichofunguliwa vidole vyote vitano mbele ya mtu wa Simba si salamu. Simba wana majibu yao: 5-0 ya Mei 2012, na 6-0 ya Julai 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake. Mzee wa Yanga naye atarudi nyuma zaidi, hadi 5-0 ya mwaka 1968, wakati Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland. Ni vyema uyajue matokeo haya ili uelewe wanachoimba watu, lakini usiyataje wewe. Vivyo hivyo na majina ya kukejeli: Utopolo, la kuikejeli Yanga, na Makolo, la kuikejeli Simba, ni maneno yanayovumilika yakitoka kwa mtani aliye na haki ya utani huo, na mtu asiye na timu hana haki hiyo. Sema Yanga, sema Simba, basi.

Fika mapema, nami nina maana ya mapema kweli. Kwa mchezo wa saa 11 jioni, kuwa ndani kufikia saa 8 mchana si kupita kiasi. Tarehe 28 Mei 2023, wakati Yanga ilipocheza na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika kwenye uwanja huu, mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 walijeruhiwa katika msongamano, na jambo hilo linatosha kumfanya mtu mwenye watoto asikaribie geti saa ya mwisho. Ukiona mlango mmoja umejaa hadi watu wanabanana kifua, ondoka kando, usubiri au uzunguke. Kiti chako hakina thamani ya mbavu zako. Kula nje kabla ya kuingia, kwa sababu mihogo na mishikaki ya huko ni mizuri na chupa hazipitishwi mlangoni. Simu na pesa ziwe mfuko wa mbele, na mliofuatana mkubaliane mahali pa kukutana, kwa kuwa mtandao huelemewa watu wakishajaa.

Ukishakaa, tumia nafasi ambayo shabiki hana. Yeye hufuata mpira kwa macho na kwa moyo. Wewe unaweza kuuacha mpira uende. Mtazame kiungo mkabaji anavyogeuza kichwa kabla ya kupokea pasi, beki wa pembeni anavyopanda na nani anayeziba nafasi aliyoiacha, mshambuliaji anavyomvuta beki wa kati mbali na lango wakati mpira uko upande mwingine. Kamera ya televisheni huyakata haya yote. Tazama pia timu zinavyoingia: klabu zote mbili zimewahi kutozwa faini na Bodi ya Ligi kwa kukwepa mlango rasmi au vyumba vya kubadilishia nguo, kutokana na imani ambazo hakuna kiongozi anayezikiri hadharani, na jukwaa zima hugeuka kuona basi limesimama wapi.

Bao likifungwa, kaa kidogo. Kusimama wa kwanza ni kutangaza upande. Waliofunga wakishainuka, simama nawe ili uone, na ukipenda piga makofi kwa ufundi wa bao. Dakika kumi baadaye mpigie makofi kipa wa timu iliyofungwa akiokoa, na majirani watakuwa wamekuelewa. Suala la penalti liogope kuliko yote. Ukiulizwa kama ilikuwa halali, jibu kwamba ulizibwa na mtu wa mbele, jibu ambalo mara nyingi huwa ni la kweli.

Mchezo ukiisha, usikimbilie mlangoni pamoja na walioshindwa, ambao hutoka wa kwanza na hawataki mazungumzo, wala usijichanganye na washindi wanaotoka kwa ngoma. Subiri nusu saa kitini. Barabara za Mandela na Kilwa zitakuwa zimesimama, na nauli ya bodaboda itakuwa imepanda, hivyo tembea kwa miguu mpaka utakapoyapita magari yaliyosongamana, ukiwa katika kundi na katika njia yenye taa, ndipo utafute usafiri. Ukikutana na mtu anayeuliza matokeo, mtajie mabao na wafungaji, uendelee na safari kabla hajakuuliza kuhusu mwamuzi.