Laptopu safarini Mombasa: mwizi, unyevu na chumvi

Anayekuja Mombasa kikazi huwaza mwizi tu. Mwizi yupo, lakini pwani ina maadui wengine wawili wasiobisha hodi: unyevu na hewa ya chumvi. Mashine hununuliwa nyingine. Data ndiyo haina duka, kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla hujafunga begi.

Siku moja kabla

Washa usimbaji wa diski, yaani mafaili yageuzwe yasisomeke bila ufunguo. Neno la siri la kufungulia Windows halitoshi: mtu akichomoa diski na kuiunganisha kwenye mashine nyingine, husoma mafaili yako kama gazeti. Windows Pro ina BitLocker, Mac ina FileVault, na baadhi ya mashine zenye Windows Home zina usimbaji wa kifaa ndani ya mipangilio ya faragha na usalama. BitLocker hutoa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Usiuandike kwenye karatasi ukautia mfuko uleule wa laptopu. Uweke ofisini, au kwenye akaunti unayoweza kuifungua kwa simu.

Kufunika laptopu si kuizima. Ikiwa imelala tu, ufunguo wa usimbaji bado umo kwenye kumbukumbu yake, na mara nyingine huamka yenyewe ndani ya begi ikapata joto kali. Kabla ya kuondoka, izime kabisa.

Nakili kazi zako kwenye diski ya nje, nayo uisimbe, kisha ibebe kwenye begi tofauti. Piga picha kibandiko cha chini chenye nambari ya utambulisho ya kiwandani (serial number), pamoja na risiti, umtumie mwenzako wa ofisini. Washa pia huduma ya kutafuta kifaa. Ya Windows inaweza kuonyesha mahali na kuifunga mashine, ila haifuti data. Ya Mac inaweza kufuta. Zote mbili hazina faida zikiwashwa baada ya wizi.

Njiani

Kwenye ndege, laptopu na pawabanki hukaa nawe juu, si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (Wh ni saa-wati, kipimo cha nishati ya betri). Zidisha mAh kwa volti, ugawe kwa 1,000: pawabanki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni Wh 74, inapita.

Ukija kwa treni ya SGR, begi likiwa kwenye ukaguzi usiligeuzie kisogo. Mizigo mingi hufanana. Kwenye tuktuk, ambayo ubavu wake uko wazi, liweke katikati ya miguu na ukanda uuzungushe kwenye goti. Kwenye bodaboda libane kati yako na dereva. Pale Likoni livae kifuani: umati ukianza kuisogelea feri, mtu wa nyuma yako ana nafasi ya kutosha kufungua zipu nawe usihisi kitu.

Ukiwa na gari, tia laptopu kwenye buti *kabla* ya kuanza safari. Ukiitia pale unapoegesha, anayetazama ameshajua iliko. Wala usiiache humo mchana kutwa. Apple, kwa mfano, hutaka MacBook isihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na gari lililofungwa juani hupita hapo bila taabu.

Kiyoyozi na umande

Hili ndilo wageni wengi hawalijui. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 18 usiku kucha, laptopu iliyozimwa nayo hupoa hivyo hivyo. Hewa ya nje, hasa kuelekea masika, hubeba mvuke mwingi kiasi kwamba kitu chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 23 hivi huanza kuloa. Miwani yako hukupa dalili: ukitoka mlangoni inaingia ukungu. Ukungu huohuo unaweza kutua kwenye bodi ya laptopu, na ukiiwasha hapo, umeme unapita penye maji.

Weka kiyoyozi nyuzi 24 au 25. Asubuhi, ifunge laptopu ndani ya begi ukiwa bado chumbani, na ukifika nje usiifungue kwa dakika 30, ili umande utue juu ya begi badala ya mashine. Ikiwa imeshaloa, iache ikauke kabisa kwanza.

Chumba kinachotazama bahari, kama vile Nyali au Bamburi, usiiache dirishani. Chumvi hutua kama vumbi, huvuta unyevu, na matundu ya chaja huanza kuota kutu ya kijani. Ipanguse jioni kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha kikavu.

Ikimwagikiwa maji, bonyeza kitufe cha kuzimia sekunde 10, chomoa chaja, igeuze kifudifudi huku imefunguliwa nusu, na uipeleke kwa fundi. Maji ya bahari hayangoji kesho. Mchele uache kwa pilau. Haufikii maji yaliyo chini ya kibodi.

Hotelini

Sefu nyingi za chumbani ni ndogo kwa laptopu ya inchi 15, na kwa kawaida hoteli ina njia yake ya kuzifungua. Waya wa kufungia ni bora, ila kagua kama laptopu yako ina tundu lake. Nyembamba nyingi hazina. Umeme ukikatika, chomoa chaja na usubiri dakika chache baada ya kurudi. Kwa kazi za siri tumia intaneti ya simu yako badala ya Wi-Fi ya ukumbi.

Ikiibwa

Mpangilio una maana. Kwanza ifunge kwa kutumia simu, ubadilishe neno la siri la barua pepe, kisha uondoe akaunti zako kwenye vifaa vyote. Pili, arifu ofisi. Tatu, nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB (daftari la matukio la polisi) na abstrakti (hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti yako), kwani kampuni ya bima huitaka. Ikiwa ndani yake kulikuwa na taarifa za wateja ambazo zinaweza kuwadhuru zikivuja, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, na saa hizo huhesabiwa tangu mlipojua, si tangu polisi walipoandika.