Somo: Toa udongo kwanza, ndipo uhesabu chakula cha bahari ya kale

Masika Mto Kinyasungwe wa Dodoma hushuka na tope jekundu hadi Wami, na Wami hulitapika baharini kule Saadani. Tope la namna hiyo huwachanganya wanaosoma mashapo ya bahari (tope lililotua chini kwa miaka mingi) ili wajue zamani mwani ulistawi kiasi gani.

Hatua ya 1. Chukua mabakuli mawili, kila moja tia konzi ya karanga: karanga ni mabaki ya mwani, mchanga ni tope la mto. La kwanza ongeza kikombe kimoja cha mchanga wa korongoni, la pili vinne. Kwa asilimia, la pili litaonekana la njaa, na karanga ni zilezile! Kwa hiyo asilimia izidishe kwa uzito wa mashapo makavu yaliyotua kwa mwaka. Mimi niliwahi kushangilia "kilele" cha kaboni (iliyoachwa na viumbe) kumbe ni ukame tu: mto ulileta tope kidogo.

Hatua ya 2. Pima alumini. Karibu yote hutoka nchi kavu, kwa hiyo hukuonyesha udongo ni kiasi gani.

Hatua ya 3. Pima bariamu. Hushuka na mabaki ya viumbe, ila udongo nao una yake. Zidisha alumini kwa uwiano wa bariamu kwa alumini katika udongo (wengi hutumia 0.0075), kisha toa.

Namba za kujifunzia, sehemu kwa milioni: sampuli A ina bariamu 900 na alumini 80,000. Ya udongo ni 600, inabaki 300. B ina 700 na 40,000, inabaki 400. Aliyeonekana maskini ndiye tajiri. Sasa weka uwiano 0.005: zote zinabaki 500. Hapo ndipo watu huumbuka. Pima udongo wa mto wako, usiazime namba.

MASWALI

– Mkuu, niko Kondoa. Udongo wetu nao unafika huko?
Wa Mto Bubu haufiki, huishia Bahi.

– Si tupime kaboni-13 tu (kaboni iliyo nzito kidogo), tutenganishe ya bahari na ya nchi kavu?
Jaribu uone. Mwani wa bahari huwa karibu −21 kwa elfu (yaani kaboni-13 pungufu kuliko kipimo cha rejea), miti −27, mtama, uwele na nyasi nyingi za huku karibu −12. Changanya miti na nyasi, unapata namba ya bahari bila tone la maji ya chumvi. Angalia pia kaboni kwa nitrojeni: mwani karibu 7, miti zaidi ya 20.

– Na kama tope la pembeni limesukumwa na mkondo hadi kwenye sampuli?
Swali zuri. Tumia thoriamu-230, elementi yenye mnururisho. Huzaliwa majini kutokana na urani kwa kasi inayojulikana, ikanata kwenye chembe na kuzama. Ukiikuta nyingi kuliko maji ya juu yake yanavyoweza kutoa, jua tope limehamia.