Skeli ya Lokria: kukaa kwenye Ti bila kukimbilia Do

Kama C meja imekukaa mkononi, vidole vyako tayari vinaijua Lokria. Kazi iko masikioni. Noti ni zilezile, ila nyumbani ni Ti: B, C, D, E, F, G, A, B, vibonyezo vyeupe vitupu vya kinanda.

Hatua ya 1. Mkono wa kulia: B kwa gumba, C kwa kidole cha 2, D kwa cha 3. Pitisha gumba chini lichukue E, kisha F, G, A, B kwa 2, 3, 4, 5.

Hatua ya 2. Piga B na F kwa pamoja, uzishikilie. Hapa ndipo penye ugumu wote wa skeli hii. Kutoka B hadi F ni nusu toni 6 (nusu toni ni hatua ya kibonyezo kimoja hadi kinachofuata, cheupe au cheusi), katikati kabisa ya oktava yenye nusu toni 12. Sasa piga B na F shapu, nusu toni 7: sauti inatulia. Rudi kwenye F. Rudia hadi utofauti ukuingie. Anayeruka zoezi hili hupiga C meja iliyoanzia pabaya.

Hatua ya 3. Mkono wa kushoto ushike B ya chini, uirudie kila inapofifia. Juu yake tunga vipande vifupi vinavyoishia B, D au F. Usitue C, na kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya G7 iache kabisa, maana inaita C. Jaribu kushuka F, E, D, C, B, na hiyo B ya mwisho uiache ilie. Mimi napenda kushuka kuliko kupanda: C inaiangukia B, badala ya B kuipandia C.

Hatua ya 4. Kodi yake ni B-D-F, ongeza A. Wapiga jazi huitumia sana kuelekea maina (skeli yenye sauti ya huzuni, kinyume cha meja): B-D-F-A, E7, A maina.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikitaka kuanzia E nafanyaje?
Jibu: Panda nusu toni moja, uchukue meja ya hapo. Lokria ya E ni noti za F meja: E, F, G, A, B flati, C, D.

Swali: Ni kweli kanisa lilipiga marufuku sauti ya B na F?
Jibu: Hapana, hakuna ushahidi wa marufuku hiyo. Waalimu wa zamani waliikwepa kwa kuwa ni ngumu kuimba, wakashusha B kuwa B flati. Jina la "shetani katika muziki" linaonekana kwenye maandishi ya karne ya 18.

Swali: Naweza kutunga wimbo mzima kwa Lokria?
Jibu: Unaweza, ila besi isiiache B kwa muda mrefu. Ningeanza na utangulizi, au sehemu ya katikati ya baa nane (vipimo vinane vya mapigo).